Babu alipigana Vita vya Kagera, mdogo wake hakurudi: nirekodi vipi kumbukumbu zake?

Swali la msomaji: "Babu yangu mzaa baba ana miaka 78. Kwao ni karibu na Kyaka. Mwaka 1978 aliitwa mgambo pamoja na mdogo wake, wakaingia vitani hadi Uganda. Mdogo wake hakurudi. Bibi naye alikimbia na watoto kuvuka mto. Kila babu akisimulia anabadilisha miezi na majina ya sehemu, baba anasema mzee keshachanganya, tumwache. Akifika kwa mdogo wake ananyamaza, mara nyingine machozi yanamtoka. Nina simu tu. Nianzie wapi, nitajuaje lipi la kweli, na je, habari za mdogo wake nimuulize au niache?"

Anza wiki hii hii, kwa simu hiyo hiyo, na usianzie vitani. Habari za mdogo wake utamuuliza, lakini kikao cha tatu au cha nne, na kwa njia nitakayoeleza chini.

Kuhusu kuchanganya, kwa ulivyoeleza sioni sababu ya kusema hivyo. Mzee anayepoteza kumbukumbu kwa maradhi huanza kupoteza ya leo na jana: amekula au hajala, swali aliloliuliza dakika tano zilizopita, njia ya kurudi nyumbani. Ukiona hayo, mpeleke hospitali. Lakini mtu anayesema Desemba mahali pa Novemba baada ya miaka zaidi ya 40 yuko sawa na wengi wetu. Vita havikai kichwani kwa tarehe. Vinakaa kwa mahali, sura za watu, njaa, mvua, mzigo mgongoni, na nini kilifuata nini. Babu ana hivyo vyote. Tarehe ni kazi yako wewe uliyekaa na kalamu, tena kazi hiyo ifanyike siku nyingine, mbali na yeye.

Kutozitenganisha kazi hizi mbili ndiko kunakoharibu rekodi nyingi za wazee. Mjukuu anasikiliza huku ana orodha ya tarehe mkononi, mzee akikosea anamrekebisha papo hapo: "Hapana babu, hiyo ilikuwa Februari." Mara ya kwanza mzee anakubali kwa adabu. Mara ya pili anaanza kuuliza, "Eti ilikuwa lini?" Mara ya tatu anakusimulia ulichosoma wewe, wala si alichokiona yeye, na hapo umepoteza kitu kisichopatikana popote pengine. Vita vyenyewe vimeshaandikwa. Alichokiona babu yako akiwa kwenye handaki na wenzake hakijaandikwa.

Una bahati moja kubwa: wewe ni mjukuu. Babu na mjukuu wana utani, na mambo ambayo hawezi kumwambia baba yako uso kwa uso anaweza kukuambia wewe huku akikutania. Kwa hiyo baba asikae kwenye kikao, angalau vile vya mwanzo. Si kwa ubaya. Mzee akiwa mbele ya mwanawe hulinda heshima yake kama baba, na mtu anayelinda heshima hasemi kwamba aliogopa.

Sasa simu. Weka katika hali ya ndegeni kabla ya kuanza, kwa sababu simu ikiingia katikati, rekodi hukatika au hujisimamisha bila wewe kujua. Tumia programu ya kinasa sauti, usitumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp: ule hubana sauti mno, na kidole kikiteleza kimekwenda kwa mtu mwingine. Kama programu inakupa uchaguzi, chagua WAV, aina ya faili isiyobana sauti. Saa moja ya mkondo mmoja (mono) hula takriban MB 300. Nafasi ikiwa ndogo, M4A ya kilobiti 128 inatosha kabisa kwa mazungumzo, na saa moja haifiki MB 60. Chaji iwe imejaa.

Simu isishikwe mkononi wala isiwekwe mfukoni mwa shati, maana kila kitambaa kikisugua utasikia kama upepo. Kunja kanga mara nne, iweke juu ya kigoda, simu juu yake, upande wenye tundu la maikrofoni uelekee mdomo wa babu, umbali wa sentimita 30 hadi 40. Kanga hiyo inazuia mtikisiko wa kigoda kuingia kwenye rekodi. Rekodi dakika moja ya majaribio, usikilize kwa spika za masikioni, ndipo uanze. Utashangaa unavyosikia redio ya jirani ambayo sikio lilikuwa limeshaizoea. Nyumba ya bati wakati wa mvua haifai, ahirisha. Na kama sikio lake moja ni zito, kaa upande wa lile zima, kwa sababu asiposikia swali atajibu alilodhani umeuliza.

Video iache hadi mwisho. Ukitoa kamera siku ya kwanza, mzee atavaa koti na kuhutubia.

Saa nzuri ni asubuhi baada ya chai. Kikao kisizidi dakika 50, na kisifanyike usiku, maana atalala nacho. Vikao viwili kwa wiki vinatosha. Kila kimoja kianze kwa wewe kutamka kwenye rekodi jina lake, tarehe, mahali mlipo na nani wako chumbani. Halafu umuulize, naye ajibu kwa sauti yake: anakubali urekodi? Akishafariki, nani wasikilize: familia tu, au na wengine? Kuna jambo angependa lisitoke kabisa? Waliotumikia jeshini wengi wamezoea kunyamaza, na ukimpa mapema mamlaka ya kufunga mlango, ndipo anapoufungua.

Kikao cha kwanza kiwe cha utoto wake: nyumba ya baba yake, migomba, ng'ombe, shule, na huyo mdogo wake wakiwa wadogo. Kina faida mbili. Kumbukumbu za kati ya miaka kumi na thelathini ndizo wazee huwa nazo kwa wingi na kwa uwazi, kwa hiyo atajisikia ana uwezo. Pili, mdogo wake ataingia kwenye rekodi akiwa hai, anachunga, anagombana, anacheka, kabla hajaingia akiwa marehemu. Kama kuna sehemu anateleza kuingia Kihaya, mwache. Usitafsiri, usimwambie arudi kwenye Kiswahili. Maneno ya majonzi mara nyingi hutoka kwa lugha ya nyumbani, na tafsiri utaifanya baadaye ukiwa na shangazi pembeni.

Maswali yako yawe mafupi na yasibebe jibu. "Babu, mliogopa sana, sivyo?" ni swali bovu, atasema ndiyo au hapana, na yote mawili hayana maana. "Mlikula nini siku ile?" ni zuri. "Ulikuwa umesimama wapi?" ni bora kuliko yote, na lina kazi ya ziada. Kila mwaka Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, vita hivi hutajwa redioni, na hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, ile ya nia, sababu na uwezo, imerudiwa mara zisizohesabika. Mzee anaweza kukusimulia aliyoyasikia redioni akiamini aliyaona, bila kudanganya hata kidogo. Ukimuuliza alikuwa amesimama wapi, nani alikuwa kulia kwake, alikuwa amevaa nini miguuni, la kuona kwa macho litakuja na vitu vidogo vidogo, na la kusikia litabaki jumla jumla. Usimwambie umegundua. Andika tu pembeni.

Akinyamaza, nyamaza nawe. Hesabu moyoni hadi kumi na tano kabla ya kusema lolote. Vijana wengi hujaza kimya kwa swali jingine, na lile lililokuwa linakuja hurudi ndani.

Baada ya vikao, kaa peke yako na daftari upange tarehe. Mpangilio wa vita vyenyewe uko hivi. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia kwa nguvu mwishoni mwa Oktoba 1978 na kushika eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera. Mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka lilivunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alihutubia taifa. Mgambo, JKT, polisi na magereza wakachukuliwa kuongeza nguvu ya jeshi, JWTZ, na hadi mwanzoni mwa Januari 1979 karibu eneo lote lilikuwa limerudishwa. Mutukula, mji wa mpakani, ilitekwa Januari hiyo hiyo. Masaka ilianguka tarehe 24 Februari, na Mbarara karibu siku hiyo hiyo, kwa njia nyingine. Lukaya, kwenye njia ya kwenda Kampala, palipiganwa usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Machi, dhidi ya Waganda waliosaidiwa na Walibya. Entebbe ilitekwa tarehe 7 Aprili, Kampala tarehe 11 Aprili, na mwanzoni mwa Juni majeshi yalikuwa yamefika mpaka wa Sudan. Vikosi vingi vilibaki Uganda, vingine hadi 1981, kwa hiyo "niliporudi" ya babu inaweza kuwa mwaka wowote kati ya hiyo mitatu.

Ukiwa na hayo, angalia jinsi kosa linavyogeuka ushahidi. Tuseme anasema, "Tulivuka daraja pale Kyaka Desemba." Baba atasema mzee kachanganya, daraja lilikuwa limeshavunjwa. Lakini wanajeshi walitandika daraja la muda la chuma pale pale, na aliyevuka Desemba alivuka hilo. Siku nyingine, bila kumtajia mwezi, muulize: "Babu, daraja mlilopita lilikuwaje?" Akisema lilikuwa la chuma, jembamba, lilikuwa likilia magari yakipita, basi ametarehesha mwenyewe.

Swali hilo hilo linafanya kazi kwa bibi. Yeye na watoto walivuka mto kwa daraja, au kwa mtumbwi? Kama ni kwa daraja, walikimbia siku zile za mwanzo kabisa, kabla halijavunjwa. Kama ni kwa mtumbwi, inawezekana walinaswa upande wa kaskazini kwa siku kadhaa, na hiyo ni hadithi nyingine nzito inayohitaji kikao chake, bila babu kuwepo. Kama bibi yu hai, asiachwe. Wanaume husimulia vita kwa majina ya miji waliyoiteka, wanawake kwa watoto waliowabeba, na familia yako inahitaji vyote.

Akisema "tuliingia Kampala Pasaka," usiseme si kweli. Mwaka 1979 Pasaka ilikuwa tarehe 15 Aprili, na Kampala ilianguka Jumatano ya kabla yake. Akisema alipigana Masaka na Mbarara, hapo weka alama ya kuuliza: njia zilikuwa mbili na vikosi tofauti, kwa hiyo huenda mji mmoja aliupitia baadaye au aliusikia kwa wenzake. Namba ya brigedi huenda ameisahau. Jina la utani la mkubwa wake hajalisahau. Askari aliyekuwa chini ya Silas Mayunga atakutajia "Mti Mkavu" bila kufikiri, na Mayunga ndiye aliyeongoza njia ya Mbarara. Na akisema "Saba Saba ilianza kulia usiku," usiandike Julai. Hilo ndilo jina ambalo makombora ya roketi yaliyofyatuliwa kutoka kwenye lori yalijulikana kwalo Uganda. Akitaja Mkoa wa Ziwa Magharibi na wewe ukaandika Kagera, umefuta alama: mkoa ulibadilishwa jina baada ya vita. Wilaya ya Missenyi nayo haikuwapo, ilikuwa Bukoba.

Katika daftari weka safu tatu: alivyosema neno kwa neno, dakika ya rekodi, na ulichokipata kwingine. Pale visipokubaliana, acha vyote viwili vikae. Askari wa kawaida aliona mita mia mbili za vita. Hakuona ramani.

Tuje kwa mdogo wake.

Machozi si sababu ya kuacha. Mzee anayelia huku anaendelea kusimulia anafanya kazi aliyoingoja muda mrefu, na ukimkatisha kwa huruma utamfundisha kwamba jambo hilo halisemeki hata kwako. Mpe kitambaa, subiri. Kinachotaka kusimamishwa ni tofauti: anapumua kwa haraka, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, macho yamekaza mahali pamoja na hakusikii ukimwita, au anasimulia kana kwamba jambo linatokea sasa hivi. Hapo acha maswali yote. Mwite kwa jina analoitwa nyumbani, mwambie mlipo: "Babu, tuko hapa barazani, ni asubuhi, mimi mjukuu wako niko nawe." Mpe maji ayashike mwenyewe. Mtembeze hadi uani. Siku hiyo kikao kimekwisha. Zikipita wiki mbili halali, anaota na kupiga kelele, hataki kula, mpeleke kituo cha afya na useme wazi kwamba ni mambo ya vita. Daktari asipoambiwa atatibu shinikizo la damu peke yake.

Siku ya kuuliza, mjulishe mapema, siku moja kabla: "Babu, kesho ningependa tumzungumzie babu mdogo, ukipenda." Akikataa, usisukume, uliza tena baada ya mwezi. Akikubali, usianze na kifo. "Alikufaje?" ni swali la polisi. Anza na walivyoitwa pamoja, nani aliwaaga nyumbani, walitengana wapi. Kisha: "Mara ya mwisho kumwona alikuwa anafanya nini?" Hilo analiweza, kwa sababu ni picha ya mtu aliye hai. Kutoka hapo mwache aende mwenyewe hadi anapotaka kufika. Kama hakuwepo mdogo wake alipokufa, swali linalofuata ni habari zilimfikiaje: mjumbe, barua, mwenzake wa kikosini? Na nyumbani walifanya nini? Familia nyingi zilikaa matanga bila maiti, na mara nyingi donda linalouma zaidi liko hapo, kwenye kaburi lisilokuwepo, au kwenye namna yeye mwenyewe alivyomwambia mama yao. Inawezekana kabisa babu ananyamaza kwa sababu anajilaumu: yeye mkubwa karudi, mdogo hakurudi. Akilisema hilo, usikimbilie "usijilaumu babu." Muulize, "Ulitaka ufanye nini ambacho hakikuwezekana?" Atakueleza hali ilivyokuwa, na akiieleza mwenyewe inamsaidia kuliko faraja yako.

Robo saa ya mwisho ya kikao hicho iwe ya jambo jepesi: ng'ombe, mavuno, vituko vya utoto. Usizime kinasa sauti halafu ukaondoka kwenda kwenye shughuli zako. Kaa naye, kuleni pamoja. Jioni mpitie.

Anaweza pia kukuambia mambo aliyoyafanya au kuyaona yasiyopendeza, wizi, mateka, raia. Yasikilize kwa uso ule ule. Majina ya watu wengine katika habari hizo yasitoke nje ya rekodi ya asili. Katika nakala ya familia weka herufi tu, na sehemu hiyo uifungie hadi muda ambao babu mwenyewe ametaja.

Siku hiyo hiyo ya kikao, kabla hujalala, lipe faili jina linaloeleweka, kwa mfano 2026-02-14_babu_03, na ulinakili mahali pengine pawili: memori kadi au flashi, na hifadhi ya mtandaoni au kompyuta ya ndugu anayeishi mji mwingine. Ukilituma kwa WhatsApp, litume kama hati. Simu huibiwa, huzama kwenye maji, hukaliwa na mtoto. Kuandika kilichosemwa kutakuchosha: saa moja ya sauti huchukua saa tano hadi saba kwa asiyezoea. Andika kama alivyosema, pamoja na kurudia na kukosea, weka dakika kila baada ya ukurasa, na palipo na kimya andika kimya kilikuwa cha sekunde ngapi. Neno usilolisikia weka mabano na alama ya kuuliza, usibuni.

Ukimaliza, msomee. Hapo ndipo unaruhusiwa kuuliza ya daftari: daraja, Pasaka, Mti Mkavu. Atakachorekebisha kiandike kando bila kufuta cha kwanza. Na kama amekutajia jina kamili la mdogo wake, kikosi, na mahali walipotengana, una vya kutosha kwenda navyo ofisi ya Mshauri wa Mgambo wa wilaya kuulizia kumbukumbu zake. Wapo askari wa vita hivyo waliozikwa kwenye makaburi ya mashujaa Kaboya, wilayani Muleba. Nenda kwanza wewe au baba, muulizie jina kwa wahusika, mkague na tahajia zake zote, maana majina ya Kihaya yaliandikwa na makarani wa kila kabila. Babu mpelekeni mkishajua mtakachokikuta, na mumuulize kwanza kama anataka kwenda.